Rhodo kwenye mto Wandle: fimbo isiyo na rili kwa kijito cha jijini

Rhodo ya Tenkara USA ni fimbo ya gramu 60 hivi. Ikikunjwa ina sentimita 55, ikifunguliwa unaichagulia urefu: sentimita 270, 297 au 320. Haina rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia mshipi, wala pete za kuupitishia. Mshipi hufungwa moja kwa moja kwenye ncha, kama watoto wa ziwani wanavyoufunga kwenye ufito wa mwanzi. Tofauti ni kwamba ufito huu ni wa kaboni, vipande vyake huingiana kimoja ndani ya kingine, na mwisho wa mshipi hakuna chambo ila nzi wa bandia aliyefungwa kwa manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo. Ndiyo tenkara, uvuvi wa Wajapani wa vijito vya milimani, ambao kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuuza vifaa vyake mwaka 2009. Hapa tunaipima fimbo hiyo mbali na milima, kwenye mto Wandle wa kusini mwa London, unaopita kati ya nyumba, reli na maegesho ya magari.

Kwa mwenye haraka: sehemu ya juu ya mto, kuanzia Carshalton mpaka Morden, Rhodo inaishinda fimbo ya kawaida ya nzi yenye rili. Sehemu ya chini, kuanzia Colliers Wood kushuka Wandsworth, iache nyumbani. Sababu iko kwenye mto wenyewe.

Wandle ni mto wa kilomita 14 hivi tu. Maji yake huchimbuka kwenye mwamba wa chokaa upande wa Carshalton na Croydon, na mto wa chokaa una sifa zake: maji maangavu, joto lisilopanda na kushuka ovyo, na chakula tele, hasa kamba wadogo wa maji baridi wanaojificha kwenye magugu. Ndiyo maana zamani ulikuwa na jina kubwa. Nelson, admirali wa Uingereza, alivua hapa alipoishi Merton, kwa mkono wa kushoto maana wa kulia alikwisha kuupoteza vitani, na Halford, mwalimu mkuu wa uvuvi wa nzi anayeelea juu ya maji, alijifunzia hapa. Kisha vikaja viwanda na majitaka, na kufikia miaka ya 1960 mto ulihesabiwa kuwa umekufa. Uliofufuka ni mto uliotengenezwa upya kwa mikono: watu wa kujitolea wameopoa matairi na toroli za supamaketi, wamemwaga changarawe ili trauti, samaki wa mito ya maji ya baridi, wapate pa kutagia, wamefunga magogo kingoni ili mkondo ubanwe na uende mbio, na watoto wa shule wamelea vifaranga vya trauti madarasani na kuja kuwaachia mtoni. Septemba 2007 klorini kutoka kituo cha kusafishia majitaka cha Beddington iliua maelfu ya samaki, na kazi ikaanza tena.

Kwa mvuvi, kazi hiyo ina matokeo yanayoonekana. Mkondo uliobanwa na magogo ni mwembamba, mita moja au mbili, na samaki anakaa palepale maji ya kasi yanapogusana na maji yaliyotulia. Umbali kutoka kwako hadi kwake ni mita nne au tano. Kwa umbali huo rili haina kazi ya kufanya. Mshipi mnene wa fimbo ya kawaida ukilala juu ya mikondo miwili yenye kasi tofauti, ule wa kasi unauvuta, nzi anaburutwa, na trauti aliyekulia chini ya daraja la wapita njia anamkataa papo hapo. Kwa Rhodo unainua ncha, mshipi wote unabaki hewani, na kinachogusa maji ni uzi mwembamba wa mwisho peke yake. Nzi anatembea kwa mwendo wa mkondo aliomo. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, na kwenye mto huu inaonekana tangu mrusho wa kwanza.

Urefu wa aina tatu si pambo. Chini ya miti ya Ravensbury Park matawi yameshuka kiasi kwamba fimbo ya sentimita 320 haisimami wima. Hapo tumia 270. Penye uwazi, kama vile Poulter Park, fungua yote. Ule wa katikati, 297, ndio utakaoutumia muda mrefu zaidi kwa sababu fimbo katika urefu huo inakaa mkononi vizuri kuliko ikiwa imefunguliwa yote: uzito wa mbele unapungua na mkono hauchoki. Ubadilishe urefu kabla ya kurusha, usibadilishe samaki akiwa tayari ameshika. Kipande kisichokazwa sawasawa hurudi ndani kikivutwa, na papo hapo mshipi unalegea.

Sasa mshipi wenyewe. Kwa sentimita 270 kata mshipi wa fluorokaboni, aina ya plastiki, namba 3, yenye unene wa milimita 0.285, mita 2.4. Kwa 320 tumia namba 3.5, milimita 0.31, mita 3.2. Rangi ya chungwa au waridi inaonekana vizuri kwenye kivuli cha miti. Mbele yake funga uzi wa mwisho, ambao wavuvi huuita tipeti, wa 5X, yaani milimita 0.15, urefu wa sentimita 80 hadi mita moja. Usitumie uzi mnene kuliko 5X. Uzi huo ndio fyuzi ya mtambo mzima: unatakiwa ukatike kabla ncha ya fimbo haijavunjika. Anayefunga uzi mnene ili asipoteze nzi wa bei ndogo huishia kupoteza ncha.

Kufunga mshipi kwenye fimbo kunawatatiza wengi, kumbe ni jambo la nusu dakika. Fimbo ikiwa bado imekunjwa, toa kizibo na uinamishe mpaka uone lilian, ule uzi mwekundu uliosukwa, wa sentimita chache, uliogundishwa kwenye ncha. Mwisho wake una kifundo. Kwenye mshipi wako piga fundo dogo la kusimamia mwishoni kabisa, halafu nyuma yake tengeneza fundo la kuteleza lenye kitanzi. Pitisha lilian ndani ya kitanzi, vuta mpaka kitanzi kikaze nyuma ya kile kifundo. Kufungua, vuta lile fundo la mwishoni na kitanzi kinaachia chenyewe. Kama mshipi unachomoka kila samaki akivuta, ujue umekaza kitanzi mbele ya kifundo, upande wa wazi, badala ya nyuma yake.

Fimbo inafunguliwa kuanzia ncha kuelekea mpini, kipande kimoja kimoja, na kila kimoja unakivuta kwa unyoofu mpaka kikaze kidogo tu. Kukunja ni kinyume: unaanza na kipande kinene cha mpinini na kumalizia na ncha. Hapa ndipo fimbo nyingi za namna hii hufia. Ncha ni nyembamba kama sindano ya kushonea. Mtu akiishika katikati na kuisukuma kwa pembeni, inakatika kwa sauti ndogo kama ya kijiti cha kiberiti. Shika kila kipande karibu kabisa na kiungo kinapoingilia, usukume kwa unyoofu kuelekea chini. Ukishika hivyo haivunjiki.

Mrusho ni mfupi. Kidole cha shahada juu ya mpini, kiwiko karibu na mbavu, inua fimbo mpaka iwe wima na uisimamishe, ngoja mshipi unyooke nyuma, kisha peleka mbele kwa kiganja na usimame mapema, ncha ikiwa bado juu. Kosa la waliozoea fimbo ya rili ni kuongeza nguvu. Hapo mshipi mwepesi unajikunja na kuanguka kama tambi. Nyuma yako kuna njia ya watu, Wandle Trail, yenye baiskeli, mbwa na vigari vya watoto. Mshipi wa mita tatu na uzi wa mita moja hupita nyuma kwa kimo cha uso wa mtu. Geuka uangalie kila mara kabla ya kuinua, hata kama uliangalia sekunde kumi zilizopita, na tumia ndoana isiyo na kijino. Jino lililobanwa kwa koleo ndogo linatosha, na samaki atakushukuru pia.

Chini ya daraja la miguu hakuna nafasi ya kuinua chochote, na hapo ndipo trauti wazuri hupenda kukaa. Tumia mrusho wa upinde. Shika uzi sentimita tano juu ya nzi kwa kidole gumba na cha shahada, usiishike ndoana yenyewe, elekeza ncha ya fimbo unakotaka nzi aende, vuta uzi nyuma mpaka fimbo ipinde, halafu achia. Nzi anaruka chini ya daraja kimo cha nusu mita juu ya maji. Fimbo laini kama Rhodo huufanya mrusho huu vizuri sana kwa sababu inapinda mpaka katikati bila kukakamaa. Kama tungetakiwa kutaja jambo moja linaloitofautisha na fimbo ngumu zaidi za aina yake, tungetaja hili.

Upande wa nzi, usijaze visanduku. Nimfu (mfano wa mdudu mchanga wa majini) wa Pheasant Tail, ndoana namba 16, mwenye ushanga wa tungsteni wa milimita 2.5, mfano wa kamba wa kijivu namba 14, na nzi wa juu wa Elk Hair Caddis namba 16 hukutosheleza siku nzima. Kina ni cha kifundo cha mguu hadi paja. Ushanga wa milimita 3 au zaidi unakuwa mzito kwa fimbo hii na unakwenda moja kwa moja kwenye takataka za chini. Kwenye Wandle takataka ni sehemu ya ramani: toroli lililozama ni banda zuri la trauti, na waya zake ni mtego wa kila ndoana. Pitisha nzi pembeni mwake, si juu yake. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kufurahisha hapa: nzi wengi wanaouzwa madukani Uingereza wamefungwa kwa mkono na mafundi wa Kenya. Angalia kichwa cha nzi kwa karibu. Uzi umezungushwa mizunguko michache iliyolala bega kwa bega, tundu la ndoana liko wazi bila gundi, na manyoya yamesimama sawasawa pande zote. Nzi aliyefungwa hivyo hatawanyiki hata baada ya samaki wa ishirini.

Ndoana ikinasa kwenye takataka, usipindishe fimbo kujinasua. Kunja fimbo yote, shika mshipi kwa mkono uliozungushiwa kitambaa, geuza uso pembeni, vuta moja kwa moja mpaka uzi ukatike. Miwani ya polaroidi ina kazi mbili hapa: inakuonyesha samaki, na inayakinga macho nzi anaporudi kwa kasi.

Kwa samaki mwenyewe, trauti wa gramu 200 hadi 500 ni raha tupu. Inua fimbo nyuma ya bega na samaki anateleza kuja kwenye wavu. Kumbuka tu kwamba kingo nyingi za Wandle ni kuta za zege au mbao zilizosimama, kwa hiyo wavu mdogo wa kuning'iniza mgongoni haufiki majini. Uwe na mpini wa mita moja na kidogo. Kamwe usimwinue samaki hewani kwa fimbo, wala usiidake ncha ili kumkaribisha; daka mshipi. Trauti wa Wandle hurudishwa majini. Mto huu haujajaza samaki kiasi cha kuliwa.

Shida huanza chini. Kuanzia Colliers Wood mto unapanuka, unapata kina, na ndani yake kuna chabu wa kilo mbili na barbeli, samaki wa ukoo mmoja na kuyu wa mito yetu, mwenye kifua cha misuli na tabia ya kukimbilia chini. Fimbo isiyo na rili haina mshipi wa akiba. Samaki akikimbia zaidi ya urefu ulionao, fimbo na mshipi vinanyooka kuwa mstari mmoja, upindaji unaisha, na uzi wa 5X unakatika mara moja. Kwenye kijito cha mlimani ungemfuata ukikimbia kingoni. Hapa kuna uzio wa chuma, ukuta wa kiwanda, mti. Samaki anabaki na ndoana mdomoni na uzi unaoning'inia, na hilo halikubaliki kwa mtu anayejua tangu mwanzo kwamba samaki wa namna hiyo wapo. Kwa kipande hicho chukua fimbo ya rili ya futi tisa, namba 5 au 6, na uzi wenye nguvu zaidi. Upepo nao ni adui: ukivuma kwa nguvu, fluorokaboni nyepesi haikatizi mbele, na kuongeza unene wa mshipi kunaleta ule uzito uliokuwa unaukwepa.

Mambo ya maji. Sehemu kubwa ya maji yapitayo chini ya Beddington wakati wa kiangazi ni maji yaliyokwisha kusafishwa kituoni, na mvua kubwa huosha barabara zote na kumwagia mtoni mafuta na vumbi la matairi. Baada ya mvua kama hiyo subiri siku mbili. Funika kila mchubuko kwa plasta isiyopitisha maji na unawe mikono kabla ya kula, kwani mkojo wa panya hueneza leptospirosisi, ile iliyoitwa homa ya mgunda kule Lindi mwaka 2022. Beba kipimajoto: maji yakifika nyuzi 20, acha kuvua trauti, maana oksijeni imepungua na samaki aliyepigana hapati nafuu. Fimbo ni ya kaboni na kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo kaa mita 30 mbali na nyaya za juu, na kunja fimbo kabisa unapotembea karibu na reli.

Sheria ni nyepesi lakini wakaguzi hupita. Kila mwenye miaka 13 na kuendelea anahitaji leseni ya Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, bure kwa walio chini ya miaka 17. Asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 2,500. Leseni haikupi ruhusa ya kila ukingo: soma bango la bustani husika. Trauti wa asili huvuliwa 1 Aprili hadi 30 Septemba, na samaki wengine wa mtoni hufungwa 15 Machi hadi 15 Juni.

Ukirudi nyumbani, usiiweke fimbo ikiwa na maji ndani. Fungua kifuniko cha chini ya mpini, toa vipande vyote, vifute kwa kitambaa na uviache vikauke usiku kucha. Unyevu uliofungiwa hupandisha malengelenge kwenye rangi, na chembe moja ya mchanga wa Wandle kwenye kiungo inatosha kukifanya kisikunjike tena. Kikikwama, usikipinde wala usitumie koleo. Kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, shika navyo pande zote mbili za kiungo, sukuma kwa unyoofu. Kikigoma, poza kiungo kwa maji ya barafu dakika chache kisha jaribu tena. Suruali ya mpira, viatu na wavu navyo vikaushwe kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, ili usihamishe magugu na wadudu wageni.

Kwa ambaye anavua vijito vyembamba vyenye miti, iwe Wandle au vile vya Aberdare ambako trauti waliwekwa kwenye mto Gura mwaka 1905, tunaipendekeza bila kusita. Inaingia kwenye mkoba wa kazini, unashuka tramu Phipps Bridge, na baada ya dakika chache nzi yuko majini. Ambaye mto wake una samaki wakubwa kuliko kilo moja na nusu mara kwa mara, anunue fimbo ya rili. Anayenunua Rhodo aagize pia ncha ya akiba siku hiyohiyo, na kipande cha pili kinachoifuata. Kampuni huuza kipande kimoja kimoja, lakini gharama ya kusafirisha ncha moja peke yake kutoka Marekani haina uwiano na thamani ya ncha yenyewe, na zinapovunjika ni ncha na jirani yake, mara chache sana vile vinene vya chini.